Mishale ya mti na upinde wa kuchonga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni majibu kwa waliokwisha kuchonga upinde wao, Unguja au Pemba, upinde ukakubali, halafu mishale ikawa ndiyo inayowatesa. Mmoja unakwenda kushoto, wa pili kulia, wa tatu unatapatapa hewani na kulipiga gunia kwa ubavu. Kila nilichoeleza ni kwa anayeushika upinde kwa mkono wa kushoto na kuvuta kwa wa kulia, mshale ukipita ubavu wa kushoto wa mshiko. Mwenye shoto ageuze: penye kushoto asome kulia, na penye kulia asome kushoto.

Upinde wangu mzuri na mshale nimeunyoosha. Mbona unakwenda kushoto ilhali nimelenga katikati?

Kwa sababu mshiko umekaa njiani. Ukiuachia ugwe, yaani kamba ya upinde, unarudi kwenye mstari wa katikati ya upinde, lakini mshale hauwezi kupita hapo katikati, maana pana mti. Unapita pembeni. Kadiri ugwe unavyorudi, mkia wa mshale unavutwa kuja katikati na kichwa kinasukumwa kwenda kushoto. Mshale ungekuwa nondo isiyopinda, ungeondoka na upande huo kila mara.

Kinachouokoa ni kupinda. Ugwe unausukuma kutoka nyuma kwa nguvu ya ghafla, na vidole vinapoachia vinauchezesha kidogo upande. Ufito, yaani mti wa mshale, unajikunja, unauzunguka mshiko, unajikunja tena upande wa pili, na huku unakwenda mbele. Unajipinda kama mkunga majini mpaka mtetemo utulie. Katika miaka ya 1930 mwanasayansi wa Marekani, Clarence Hickman, aliupiga picha za kasi kubwa, na jambo hilo likaonekana wazi: mshale unaofaa unaupita mshiko kwa kuuzunguka.

Kwa hivyo mshale mgumu kupita kiasi haupindi vya kutosha, nao huenda kushoto. Mshale laini kupita kiasi hupinda mno, nao huenda kulia. Pinde za kiwandani nyingi zimekatwa dirisha kwenye mshiko ili mshale ukaribie katikati, ndiyo maana zinavumilia mishale ya kila aina. Upinde wa kuchonga kwa kipande kimoja cha mti hauna dirisha, na hauvumilii. Upinde ndio unaotafutiwa mshale, na kazi hiyo inaanzia kwenye ufito. Manyoya ni ya mwisho. Nawaona vijana wengi wanaanza na manyoya makubwa ili mshale "utulie". Manyoya yanaficha ila ya ufito kwa gharama ya mwendo, na mshale ukipigwa karibu ila ile ile inajitokeza.

Ugumu wa ufito unapimwaje? Mimi sina chombo chochote.

Huhitaji chombo cha dukani. Tafuta ubao, pigilia misumari miwili mirefu iliyoachana sentimita 66, juu ya misumari laza ufito. Katikati yake ninginiza uzito wa ratili mbili, yaani gramu 907. Chupa ya maji inatosha. Mwambie mwenye duka akuwekee kwenye mizani, uongeze au upunguze maji mpaka ifike. Nyuma ya ufito simamisha futi ya chuma. Soma ufito ulipo kabla ya uzito, kisha soma uliposhuka baada ya uzito. Tofauti hiyo, kwa milimita, ndiyo habari yote unayoitaka.

Chukua 660 uigawe kwa milimita ulizopata. Jibu ni ugumu wa ufito kwa ratili, kipimo kile kile wanachokitumia watengenezaji wa mishale ya mti duniani. Ufito ulioshuka milimita 13 una ugumu wa ratili 50 hivi. Ulioshuka milimita 16 na nusu ni wa 40. Ulioshuka 22 ni wa 30, huo laini, wa upinde wa mtoto mkubwa au mtu mzima anayejifunza.

Sasa upinde nao upimwe. Mizani ya ndoana ile wanayopimia samaki inafaa. Ninginiza ugwe kwenye ndoana, vuta mshiko chini mpaka ufike urefu unaouvuta wewe mwenyewe, usome kilo, uzidishe kwa 2.2 upate ratili. Kilo 18 ni ratili 40 kasoro kidogo. Muhimu ni urefu wako wewe. Upinde unaosemwa kuwa wa ratili 45 kwa inchi 28 hauwi wa 45 kwa mtu anayevuta inchi 25.

Kwa upinde usio na dirisha, mshiko wenye upana wa sentimita 3 hivi, anza na ufito ambao ugumu wake uko chini ya nguvu ya upinde kwa ratili 5 mpaka 10. Upinde wa 40, ufito wa 30 hadi 35. Hapo ni pa kuanzia tu. Mshale mrefu hujifanya laini kuliko kipimo chake cha ubaoni, na mfupi hujifanya mgumu. Mafundi huhesabu kama ratili 5 kwa kila inchi moja inayozidi au kupungua kwenye inchi 28. Chembe, yaani ncha ya mbele ya mshale, ikiwa nzito nayo inaulainisha mshale, nyepesi inaukaza. Mshiko mpana unataka mshale laini zaidi, mwembamba unakubali mgumu.

Fito nzuri nizipate wapi huku kwetu?

Njia ni tatu, na kila moja ina watu wake.

Ya kwanza ni machipukizi. Mpera uliokatwa miaka miwili mitatu nyuma hutoa machipukizi marefu yaliyonyooka, na mti wake ni mkavu wa tabia, hauvunjiki ovyo. Mkole nao ni mti wa pinde na mishale tangu zamani. Kata wakati wa kiangazi, chagua chipukizi nene kuliko unavyotaka kwa sababu litasinyaa, usilimenye ganda lote siku hiyo hiyo. Funga mafungu kwa kamba, kaza, weka kivulini penye hewa kwa wiki kadhaa. Chipukizi linaloanikwa juani juu ya bati hupasuka. Likiwa tayari, upande mnene uwe mbele na mwembamba uwe mkiani. Mkia mwembamba unapita ubavuni mwa upinde kwa usalama zaidi.

Ya pili ni mwanzi. Mwepesi, mgumu, haunywi unyevu haraka. Kata mwanzi uliokomaa, usikate wa mwaka huu. Vifundo vichongwe kwa kisu na msasa mpaka kidole kisivikwame, na unapopima urefu hakikisha kifundo kimoja kiko karibu sana na pengo la ugwe (mkato wa mkiani unapoingia ugwe), maana bila ya kifundo hapo mwanzi utachanika siku ya kwanza. Chini ya pengo zungushia uzi na gundi.

Ya tatu ni mbao. Paini inayoletwa kutoka Mufindi inatengeneza mshale mzuri sana, bora uchague ubao ambao mistari yake inakwenda kutoka mwanzo hadi mwisho bila ya kutoka nje. Usipasue kwa msumeno ukiweza kupasua kwa shoka na nyundo, kwa sababu shoka hufuata nyuzi za mti na msumeno haufuati. Chonga kijiti cha pembe nne, kisha pembe nane, kisha kumi na sita, ndipo ukiviringe kwa msasa. Randa ndogo na ubao wenye mfereji wa kulazia kijiti ndiyo karakana nzima. Unene wa milimita 8 hadi 9 ndio wa kawaida.

Mvinje siushauri. Mzito, unapasuka ukikauka, unakula msasa bure. Mikandaa iacheni baharini.

Na hilo la mikandaa si rai yangu peke yake. Sheria ya misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya 1996, inadhibiti ukataji, na Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004. Usiingie Jozani wala Ngezi na panga ukitafuta fito. Mpera wa uani kwa ami yako, kwa ruhusa yake, unatosha mishale ya mwaka mzima. Ukitaka kukata pahala pengine, anza kwa sheha.

Nitaunyoosha vipi ufito uliopinda?

Kwa moto na subira. Jiko la makaa yasiyo na ulimi wa moto, ufito uzungushwe juu yake mahali pale palipopinda mpaka mkono uhisi joto limeingia ndani, kisha upinde upande wa pili kupita kidogo mstari, uushike hapo hapo mpaka upoe. Ukiuachia ungali moto, unarudi. Ukiunguza ganda la nje likawa jeusi, umeshaudhoofisha. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, huko bara, wanafanya hivyo hivyo, na wanautumia mdomo kwa kuung'ata ufito kwa meno huku mikono ikiukunja.

Anza na mapindo makubwa, umalizie madogo. Kuangalia: shika mkia karibu na jicho, utazame kama anayetazama ubao wa mlango, kisha uviringishe juu ya kioo au meza ya marumaru. Ufito uliopinda utasikika ukigonga gonga. Fito za paini mara nyingi hazihitaji moto, kiganja cha mkono kikiusugua kwa nguvu sehemu iliyobonyea unapata joto la kutosha.

Pindo dogo la katikati linavumilika. Pindo la sentimita kumi za mwisho, mbele au nyuma, halivumiliki hata kidogo.

Upande gani wa ufito uegemee upinde?

Kwa paini hili ni la lazima. Tazama ufito kwa pembeni: upande mmoja mistari ya mti imesongamana na kwenda sambamba, upande mwingine mistari imefunguka na kufanya maumbo ya V yaliyolala. Ule wa mistari iliyosongamana ndio ukae ubavuni mwa upinde, kwa sababu ndio mgumu na ndio unaolingana kutoka mshale hadi mshale. Kwa hiyo pengo la ugwe likatwe kwa kuikata mistari inayoonekana kichwani mwa mti; ukilikata kwa kufuatana nayo ugwe utaupasua mshale. Na ule ugumu ulioupima kwa chupa ya maji upime kwa upande huo huo.

Kuna la usalama pia. Zile V za upande wa juu zielekee mbele, kwenye chembe. Mshale ukija kuvunjika wakati wa kuachiwa, kibanzi kitaruka juu na mbele, hakitaingia kwenye mkono ulioshika upinde. Na kabla ya kila siku ya kupiga, kunja kila mshale kidogo kwa mikono miwili karibu na sikio. Ukisikia mlio wowote wa kukatika, uvunje mwenyewe vipande viwili ili asije mtu mwingine akauokota na kuupiga.

Watu wanasema nijaribu mshale usio na manyoya. Nifanyeje hasa?

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tengeneza mishale mitatu yenye chembe na pengo la ugwe, bila ya unyoya wowote. Iache mirefu, izidi urefu wako wa kuvuta kwa sentimita 6 au 7. Mkiani zungushia utepe mwembamba wenye uzito wa karibu na wa manyoya matatu, ukiweza. Shabaha iwe gunia lililoshindiliwa matambara au usumba, kubwa, la upana wa mikono miwili, kwa sababu mshale usio na manyoya haukuahidi kitu. Nyuma yake pawe na ukuta wa udongo au kichuguu. Usitumie mnazi kuwa shabaha: mshale wa mti ukigonga gogo unavunjika na vibanzi vinarudi kwako.

Chagua wakati wa utulivu. Kusi ikivuma ufukweni huko Paje au Makunduchi, hutajifunza chochote, na kaskazi ikishika nguvu ni hivyo hivyo. Asubuhi mapema ndani ya shamba la mikarafuu, au siku za tangambili upepo unapobadilika na kulegea, ndizo siku za kujaribu.

Simama mita 5 kwanza. Piga yote mitatu kwa kupumua vizuri, kisha nenda kaangalie bila ya kuing'oa. Usitazame tu ilipopiga, tazama jinsi ilivyolala. Mshale uliosimama sawasawa kwenye gunia, mkia ukikuelekea wewe, umefaa kwa masafa hayo. Mkia ukiwa umelala kushoto na chembe imeingia kulia, mshale ni laini. Mkia ukiwa umelala kulia na chembe imeingia kushoto, ni mgumu. Ikiwa mitatu yote inasema maneno mamoja, iamini. Ikiwa kila mmoja una lake, kosa liko mkononi mwako, si kwenye mti. Pumzika, urudi baadaye.

Ikiwa ni laini, una mambo matatu ya kufanya. Kata mbele milimita 5 au 6, urudishe chembe, upige tena. Endelea hivyo hivyo, lakini usishuke chini ya sentimita 2 au 3 zaidi ya urefu wako wa kuvuta, maana mshale unaoingia nyuma ya mshiko ni hatari kwa mkono. Au punguza uzito wa chembe. Au bandika kipande cha ngozi ubavuni mwa mshiko, mshale ukasukumwa mbali kidogo na katikati.

Ikiwa ni mgumu, ongeza uzito wa chembe, au upunguze unene wa ufito kwa msasa, ukizunguka sawasawa sehemu ya kati. Hapo uende pole pole sana. Ugumu unafuata unene kwa kuzidishwa mara nne kwa wenyewe, na maana yake kwa mkono ni hii: ufito wa milimita 8 ukiusugua ukawa 7.6, tofauti ambayo jicho haliioni, umepoteza karibu moja ya tano ya ugumu wake. Wa ratili 45 umekuwa wa 37. Sugua mara chache, pima kwa chupa, piga, ndipo usugue tena. Unaweza pia kuupunguza upana wa mshiko wenyewe, lakini ukishauchonga huwezi kuurudisha, na mshiko mwembamba mno unaumiza kiganja.

Kila mara badilisha kitu kimoja tu. Anayekata ufito, akabadilisha chembe na kusogeza ngozi kwa siku moja hatajua kilichomsaidia ni kipi.

Ukifika mahali mishale inasimama sawa kwa mita 5, rudi nyuma hadi mita 10. Nikichagua pa kusimamia, nachagua mshale usio na manyoya ambao unaegemea kulia kidogo sana, yaani laini kidogo. Manyoya yakishabandikwa yanaongeza uzito mkiani na kuukaza mshale kwa kiasi hicho hicho.

Mshale wangu unaonesha kuwa laini, lakini kipimo cha chupa kinasema mgumu. Niamini kipi?

Tazama ubavu wa mshiko. Paka mkia wa mshale vumbi la chaki, sentimita 25 za mwisho, upige mara moja. Chaki ikifutika upande wa kulia, mshale unagonga upinde unapopita, na mgongano huo unautupa mkia kushoto mpaka ukaonekana laini wakati ni mgumu. Sikiliza pia: mshale uliokubaliana na upinde hautoi mlio wa kugonga mti. Katika hali hiyo amini chupa, uulainishe mshale.

Mkia unakwenda juu au chini. Hilo nalo ni ugumu?

Hapana. Hilo ni mahali unapoukalisha mshale kwenye ugwe. Funga uzi mdogo kwenye ugwe kuwa alama, ili mshale ukae pale pale kila mara. Bila ya alama hiyo majaribio yote hayana maana. Kwa anayepitisha mshale juu ya ngumi, anza alama ikiwa milimita 12 juu ya mstari mnyoofu unaotoka mahali mshale unapolala. Mkia ukilala juu, shusha alama kidogo kidogo. Ukilala chini, ipandishe. Anza juu ushuke, usianze chini upande, kwa sababu alama ikiwa chini mno mshale unadunda juu ya ngumi na mkia unaruka juu, ukadhani alama iko juu ukazidi kuishusha.

Pima pia umbali kati ya ugwe na mshiko upinde ukiwa umefungwa. Sentimita 15 hadi 17 ni kawaida kwa upinde wa mti. Ugwe wa nailoni unavutika kwa joto la mchana, na jioni umbali huo umepungua bila ya wewe kujua. Uzi wa poliesta uliosokotwa na kupakwa nta hautembei hivyo.

Nimejaribu kila kitu na upinde bado haupatani na mshale wowote.

Ushike upinde uliofungwa, utazame kutoka ncha hadi ncha. Ugwe unapita katikati ya mshiko? Ukipita kulia, mbali na upande wa mshale, kazi yako imekuwa ngumu mara mbili. Ukiegemea kushoto kidogo, ni bahati yako, mshale umekaribia katikati. Kabla ya kuchonga chochote ugeuze upinde juu chini, uupige hivyo. Mara nyingi inatosha. Ikiwa umepindika kwa kuzunguka, unataka moto na mtu aliyezoea kazi hiyo.

Manyoya gani, na yabandikwe vipi?

Bata mzinga na bata bukini ni bora, manyoya yao ya mbawa ni mapana na magumu. Ongea na wachinjaji sokoni, wengi watakupa bure. Jogoo mkubwa anatosha kwa mishale myepesi. Kunguru, wale walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea kila mahali, unyoya wao nao unafaa ukiuokota mzima.

Sharti ni moja lisilo na mjadala: manyoya matatu ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja. Unyoya wa bawa la kulia na wa kushoto una mkunjo tofauti, ukichanganya yanashindana na mshale unayumba hata kama ufito ni mzuri. Pasua unyoya katikati ya uti wake, sugua uti uwe bapa, ukate urefu wa sentimita 10 hadi 13, kimo cha sentimita moja na nusu. Kaa mbali na pengo la ugwe sentimita 3, ili vidole visiuguse. Unyoya mmoja ukae upande wa kushoto, ukiangalia nje ya upinde, miwili mingine igawane nafasi iliyobaki.

Mbele, pale uti wa unyoya unapoanzia, chonga mpaka uwe mwembamba kama karatasi, kisha zungushia uzi mwembamba kwa kukaza na kupaka gundi juu yake. Usilipite hili kwa haraka. Unyoya huo unapita juu ya ngumi yako kwa mwendo mkubwa, na ncha yake ikibaki wazi inaingia nyamani pale kati ya kidole gumba na cha shahada. Pitisha kidole kutoka mbele kwenda nyuma kabla ya kupiga. Ukihisi chochote, rudi kwenye uzi.

Mshale mwepesi si utakwenda kasi zaidi?

Utakwenda kasi, na upinde utaumia. Nguvu ambayo mshale hauichukui inabaki kwenye mti, na upinde wa kuchonga hauna pa kuipeleka. Kadiria nusu gramu hadi gramu 0.65 za mshale kwa kila ratili ya upinde. Upinde wa 40 unataka mshale wa gramu 20 hadi 26, chembe na manyoya vikiwemo. Mwenye mizani ndogo ya sonara ndiye wa kumwomba. Mishale ya fungu moja isitofautiane kwa zaidi ya gramu moja, wala ugumu kwa zaidi ya ratili 5. Na usiachie ugwe mtupu, usio na mshale, hata kwa mchezo.

Masika ikiingia mishale yangu yote inapinda. Dawa?

Vanishi, tabaka mbili tatu nyembamba, na kichwani mwa mti pale inapoingia chembe usipasahau, maana hapo ndipo mti unapokunywa maji. Mafuta ya nazi hayafai, hayakauki na gundi haishiki juu yake. Usiiegemeze mishale ukutani; ilaze bapa juu ya vigingi viwili vitatu au iningʼinize. Weka kafuri ndani ya podo, wadudu wanapenda sana manyoya. Kila masika ikiisha, chukua mshale mmoja mmoja utazame, na moto wa makaa uwe karibu.

Watoto wanataka kupiga. Niwaache?

Waache, kwa masharti. Chembe butu, upinde wa nguvu ndogo, mtu mzima yupo, wote wanasimama mstari mmoja na hakuna anayekwenda kuokota mpaka wote wameweka pinde chini. Sisi tuna adabu yetu ya mishale iliyotangulia: Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamuru anayepita msikitini au sokoni na mishale azishike chembe zake asije akamdhuru Muislamu, na akakataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Mfundishe mtoto hayo mawili kabla ya kumfundisha kulenga. Mwambie na habari za Saad bin Abi Waqqas, sahaba aliyesifika kwa kupiga mishale, atafurahi.

Naweza kuwindia?

Uwindaji una sheria zake na vibali vyake, na paa nunga wa Unguja analindwa. Hapa tunazungumzia shabaha.

Nitengeneze mishale mingapi?

Tengeneza kumi na mbili, utarajie minane iliyo sawa. Ipe kila mmoja namba kwa wino karibu na manyoya, na ukipiga andika namba na ilipopiga. Ule unaokwenda nje kila siku, bila ya kujali siku ulivyoamka, uondoe kwenye fungu. Ukate mfupi, utie chembe butu, umpe mtoto, au ubaki nao uutumie kujaribia upinde mwingine utakaouchonga.